Laini Moja ya Ofisi

Ofisi ya chama cha maziwa pale Sotik ilikuwa na laini moja tu ya simu. Kompyuta ikiishika kuleta barua pepe, anayepiga simu hapati mtu. Janeffer, karani wa ofisi, alilijua hilo vizuri. Siku aliyofaa kulikumbuka ndiyo siku lilipomtoka kichwani.

Nyuma yake mama yake, Priscah, alikuwa ameegemezwa kitini ndani ya blanketi, anahema kwa taabu. Walikuwa wanamtoa nyumbani Ndanai kumpeleka hospitalini Longisa, lakini alikataa katakata kuipita Sotik kabla hajasikia neno la mwanawe Noah. Noah alikwenda Uhindi kusoma akiwa amenuna, na kibuyu cha mursik, maziwa ya kugandisha, alichoshikiwa na mama mlangoni akakikataa. Tangu hapo kimya. Jana ndipo alipopiga simu ofisini, akaambiwa hali ya mama na kwamba kesho yake atapitishwa hapo.

"Nitakuandikia email," alisema. "Uisome mapema, kabla Mama afike..." Simu ikakatika.

Sasa barua zimegoma kufunguka. Janeffer akampigia Okemwa, fundi wa kampuni ya mtandao kule Nairobi.

"Tumebadilisha mambo ya usalama, madam. Ingia kwa settings, weka tiki pale pa secure login, alafu uandike password upya."

Akakata simu, akaweka tiki, akaunganisha. Modemu ikapiga kelele zake, kisha ikaja jibu: umekataliwa. Akaandika tena herufi moja moja. Umekataliwa. Mtu mwenye akili angempigia Okemwa tena, lakini Janeffer alishikwa na ukaidi, akaunganisha, akaunganisha tena, jasho likimtoka.

"Amesema nini?" mama aliuliza.

"Bado, Mama. Hii mashine inanisumbua. Ngoja kidogo tu."

"Mimi nangoja."

Kipkirui, shemeji yake aliyekuwa akiendesha gari, alichungulia mlangoni. "Janeffer, wachana na hiyo kitu. Mama amechoka."

"Dakika moja!"

Mwishowe alijaribu kuandika anwani yake nzima mahali pa jina, na barua ikashuka. Furaha ikampanda. Akaisoma kwa sauti bila kugeuka.

"Dada, nimeazima simu ya mwenye nyumba. Kesho asubuhi nitapiga hapo ofisini mpaka nikupate. Tafadhali usiguse kompyuta. Nataka nimwombe Mama msamaha kwa mdomo wangu. Wewe mwekee tu simu kwa sikio."

Akageuka. Blanketi lilikuwa limeteleza sakafuni na mkono wa mama unaning'inia. Alimwita, akamtikisa, hakuitika. Kipkirui akavua kofia.

Janeffer akaiondoa kompyuta kwenye laini. Simu ikalia papo hapo.

"Aki Janeffer! Nimepiga tangu asubuhi, laini bize tu. Mama amefika? Mpe simu."

Akavuta waya hadi kwenye kiti, akamwekea mama simu sikioni.