Kinga ya Msumeno

Bosi mpya hakuwa na sauti moja. Fundi wa rangi alimfokea, maana yule asipofokewa husinzia. Kwa mama wa stoo aliongea polepole, akimuulizia mgonjwa wake. Kwangu alikuja na vikombe viwili vya chai, akaketi juu ya rundo la mbao.

"Fundi mkuu, wewe unawajua hawa. Shemeji yako pale kwenye msumeno, ni kitu gani kinamtia moto?"

Nikajiona mtu. Miaka kumi na tisa kwenye karakana hii ya milango, hakuna bosi aliyewahi kuniuliza kitu. Nikasema ukweli: mdogo wa mke wangu havumilii kuitwa mzito wa kazi. Ukimwita hivyo atafanya lolote.

Bosi akacheka, akanipiga bega.

Tulitakiwa kumaliza milango sitini kufikia Ijumaa. Jumatano asubuhi akapita kwenye msumeno, mikono nyuma.

"Kobe wangu, hujambo?"

Karakana nzima ikaangua kicheko. Shemeji hakucheka. Saa nne nikaiona ile kinga ya chuma inayofunika meno ya msumeno iko sakafuni. Bila kinga mbao hupita haraka. Vidole pia.

"Shemeji, rudisha hiyo kinga."

"Nani kobe?"

"Dada yako atanila mzima."

"Mwambie dada leo nafikisha milango ishirini." Hakuinua macho. Ubao ulikuwa unaingia, na kidole gumba chake kilikuwa karibu na meno kuliko nilivyotaka kuona.

Nikaenda kwenye swichi kubwa ukutani. Ukiizima, mashine zote zinalala, na kuziamsha ni nusu saa. Nikaishika.

"Fundi mkuu." Bosi alikuwa nyuma yangu, na sauti ileile ya siku ya chai. "Humu ndani ninayemtegemea ni wewe peke yako. Usiniangushe."

Kinga alikuwa ameiona. Najua, maana aliiruka akija.

Nilikuwa tayari kuzima. Lakini nikajiona mtu tena, na mkono ukashuka.

"Sawa, bosi."

Mti mgumu una mlio wake kwenye msumeno, mti laini una wake. Sikuwa nimefika kwenye meza yangu niliposikia mlio ambao si wa mti.

Nikarudi mbio, nikazima swichi. Kimya. Bosi alishafika kwa shemeji, amepiga magoti, anamwita "mwanangu, mwanangu," kwa sauti ambayo hata mimi nilikuwa sijaisikia.