Ng'ombe Waliovuka Songwe

Atupakisye alilivuta tawi kuelekea kifuani, akalipiga kisu kwa mshazari, likakatika bila kuchanika. Tawi likichanika, maji huingia na shina huoza kimyakimya. Akakata jingine na jingine, mpaka mche ukabaki vigongo vitupu vya kufika gotini, kisha akahamia mche uliofuata. Nyuma yake binti yake, Tulia, aliyaokota matawi na kuyalaza juu ya vigongo ili jua la mchana lisije likavichoma.

Mwezi wa saba kijijini Lupepo ni baridi, na umande ulikuwa umewalowesha wote wawili hadi mapajani. Chai ikishapogolewa hukaa miezi bila kuchumwa. Kwa hiyo hakuna anayepogoa shamba ambalo hategemei kulichuma, na Atupakisye alipogoa kwa moyo mweupe.

"Shemeji, mkono huo ni mashine!" sauti iliita kutoka njiani.

Alikuwa Asajile, mdogo wa marehemu mumewe na balozi wa nyumba kumi za pale. Alisimama ng'ambo ya mtaro, mikono mfukoni, kofia ya sufu imeshuka hadi kwenye nyusi.

"Mashine gani, tata. Mgongo umekufa."

"Usife kabla ya kesho. Fika mpaka kwenye ile migomba. Shamba likionekana limetunzwa, hata hao watu wa Uhamiaji watajua wewe ni mwenye nyumba, si mpita njia."

"Lakini kesho utasema mbele yao?"

"Aseme nani mwingine? Ng'ombe si niliwaswaga mimi?" Asajile alipandisha suruali, akaonyesha kovu juu ya kifundo cha mguu. "Lile dume jekundu lilinikanyaga tukivuka mto Songwe. Kaka yangu akaniambia, vumilia, mke hachukuliwi bure."

Akacheka, na Tulia naye akacheka. Kovu lile alilijua tangu utotoni, na alipenda kusikia habari zake.

"Ndaga, tata," Atupakisye alimshukuru kwa lugha ya nyumbani, akarudi kwenye mche wake.

Alikuwa amezaliwa upande wa pili wa mto, Karonga, Malawi. Anosisye, mumewe, alimwona alipokwenda huko kuuza viazi, wakapendana, na mimba ikatangulia mahari, kama inavyotokea kwa watu wengi walio wema. Ng'ombe wakavushwa, akakabidhiwa, akaja Lupepo na Tulia tumboni. Wala hakujiona amehama nchi. Wazee wa pande zote mbili walisalimiana kwa lugha karibu ile ile na kuzikana misibani, na mto waliuvuka kama mtu anavyovuka mtaro wa shamba. Ng'ombe wakishapokelewa mwanamke ni wa huko walikotoka ng'ombe, na hakuna aliyewahi kuuliza zaidi ya hapo. Kanisani waliambiwa wabariki ndoa yao. Anosisye alisema wataibariki nyumba ikishaezekwa bati. Nyumba iliezekwa, ukaja ujenzi wa jiko, ikaja karo ya Tulia, na baada ya Pasaka ya mwaka huu Anosisye akapata homa ya mapafu na hakurudi kutoka hospitali.

Kosa la Atupakisye, kama ni kosa, lilikuwa kuuliza. Alitaka kujua afanyeje ili mirathi iende sawasawa, akapanda mpaka mtaa wa Bagamoyo, pale Tukuyu mjini, kwa Winfrida, msaidizi wa kisheria aliyekuwa na kibanda karibu na maduka ya nguo. Winfrida alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja tu.

"Mama, wewe umezaliwa wapi?"

Alipojibiwa aliweka kalamu chini.

"Tulia hana shida," alisema. "Baba yake Mtanzania, naye ni Mtanzania, na urithi ni wake. Shida ni wewe. Mgeni hapewi ardhi ya kijiji. Na hata kukaa tu, umekaa miaka yote bila kibali. Mumeo alitakiwa akupeleke Uhamiaji mapema, mkaombe uraia kwa ajili ya ndoa."

"Hatukujua kama natakiwa kwenda. Mimi si mgeni. Nilitolewa ng'ombe."

"Basi tuseme hivyo huko. Nenda mwenyewe kabla hujapelekwa. Ila watataka kujua kama kweli ulikuwa mke. Nani alishuhudia?"

Atupakisye alihesabu kichwani. Baba yake amekufa. Baba mdogo aliyepokea kamba za ng'ombe amekufa. Mshenga amekufa. Kaka yake alikwenda Afrika Kusini kutafuta maisha, na simu yake haikuwa ikipatikana tena. Aliyebaki ni mmoja tu.

"Shemeji yangu yupo," alisema, na alisema kwa furaha.

*

Afisa wa Uhamiaji alikuwa kijana mwenye sauti ya chini na mafua. Aliwapa viti wote watatu, Atupakisye, Asajile na Winfrida, akaomba radhi kwa kupenga kamasi, akaanza kuuliza taratibu. Atupakisye alieleza kila kitu bila kuficha. Winfrida alikuwa amemwonya kwamba uongo mdogo huharibu ukweli mkubwa.

"Basi, mzee," afisa alimgeukia Asajile. "Wewe ndiye ndugu wa marehemu. Huyu mama alikuwa mke wa kaka yako?"

Asajile alivua kofia, akaiweka magotini.

"Afande, mimi ni mtu wa kanisa. Siwezi kusema uongo. Ng'ombe walikwenda Malawi. Niliwaswaga mwenyewe, na hili hapa kovu." Akapandisha suruali kama alivyoipandisha jana yake. Atupakisye alihisi mabega yake yakilegea.

"Kwa hiyo walioana."

"Hapana, afande. Ngoja nikueleze mila yetu. Kaka alikuwa amempa mimba binti wa watu. Kijana akifanya hivyo, wazazi wa binti hupelekewa ng'ombe wa fidia, na hao ng'ombe humleta mtoto kwa baba yake. Hawamleti mwanamke. Ng'ombe wa mke ni wengine, wana maneno yake na wazee wake. Hao hawakwenda."

Gari lilipita barabarani likipiga honi.

"Huyu alikuja kunyonyesha," Asajile aliendelea kwa upole. "Mtoto alipokua, tukaona aibu kumfukuza. Ni mchapakazi, afande. Chai anaijua kweli."

"Asajile!" Atupakisye alisimama, na Kiswahili kikamtoka kichwani. Akamwaga maneno kwa lugha ya nyumbani: kwamba siku ile walikwenda ng'ombe wa fidia na wa mahari kwa pamoja, kwamba yeye Asajile ndiye aliyewataja mmoja mmoja mbele ya baba yake, huyu wa mimba na hawa wa mke, na watu wakapiga vigelegele.

"Mama, kwa Kiswahili tafadhali," afisa alisema.

"Umesikia lakini, afande?" Asajile alitabasamu kwa huzuni. "Hata lafudhi si ya hapa. Sisi tunamwelewa, ila mtoto mdogo wa Lupepo anajua huyu katoka ng'ambo."

Winfrida aliingilia kati. Alisema majirani wote wanawajua kama mume na mke, wameishi nyumba moja miaka na miaka, na mahakama inaweza kuwahesabu kuwa wanandoa kwa sababu hiyo.

"Inaweza," afisa alikubali. "Nendeni mahakamani, sikatazi. Wakisema ni mke, nileteeni, nitalipokea ombi lake. Lakini mimi leo nina mtu asiye na kibali, na ukoo umesema si mke." Alipenga tena, akamtazama Atupakisye, na ilionekana kwamba hakufurahia alichokuwa akikisema. "Mama, sikuweki ndani. Umekuja mwenyewe, nimeliona hilo. Mwisho wa mwezi uwe umeripoti mpakani Kasumulu na kuvuka. Ukikutwa huku baada ya hapo litakuwa jambo lingine."

Nje, Winfrida alimshika mkono. "Jumatatu uje tuandike maombi ya mahakama. Usikae nyumbani kulia. Umesikia?"

Lakini Asajile alikuwa ameshaita bodaboda, moja, kwa ajili yao wote wawili. Wakarudi mshikaki. Dereva mbele, Asajile katikati, na Atupakisye nyuma kabisa. Kila walipofika kwenye mashimo ilimbidi akumbatie kiuno cha shemeji yake ili asianguke. Asajile alimwambia dereva habari za bei ya mbolea njia nzima.

*

Ijumaa jioni alikuwa amerudi shambani na kisu. Angefanya nini kingine? Miche iliyoachwa nusu hushambuliwa na magonjwa, na mikono yake haikujua kukaa.

Asajile alikuja akavuka mtaro safari hii, akatembea katikati ya mistari akivigusa vigongo kwa ncha ya kiatu.

"Umekata vizuri," alisema. "Mwezi wa kumi hapa patakuwa kijani tupu."

Atupakisye aliendelea kukata.

"Umenuna. Unadhani nakufukuza? Nani kasema nakufukuza? Mimi ndiye balozi hapa. Nikisema sijaona mgeni, basi hakuna mgeni. Mwisho wa mwezi utapita kama mwezi mwingine wowote."

"Unataka nini, Asajile?"

"Chai ichumwe. Wewe unaijua, wanangu hawaijui. Utakaa, utachuma, utakula. Watu wakiuliza, wewe ni kibarua wangu kutoka Kyela. Lakini habari za Jumatatu, za yule dada wa Bagamoyo na mahakama yake, uziache. Ukipanda bodaboda kwenda mjini, nami napiga simu, na safari hii hawatakupa kiti."

"Kumficha mtu ni kosa pia. Winfrida kasema."

"Basi nenda kanishtaki," Asajile alisema, akacheka kidogo. "Ukanishtaki kwa kukuficha wewe." Aligeuka aondoke, kisha akasimama. "Na Tulia aje kulala kwangu kuanzia leo. Mtoto wa ukoo halali kwa kibarua."

Tulia alikuwa ameinama mistari miwili nyuma na mzigo wa matawi kifuani. Alingoja mpaka kofia ya sufu ikapotea nyuma ya migomba.

"Mama, twende zetu. Tuvuke wote."

"Tukavukie kwa nani?"

"Kwa yeyote! Kwa bibi mzaa bibi! Nitasoma huko. Tumwache huyu mzee na chai yake, aioge!"

"Si yake."

"Ataichukua!"

"Ukiondoka ndipo ataichukua. Atasema mtoto kamfuata mama yake, si wetu tena, na hakuna wa kumpinga." Atupakisye alikuwa akilipangusa tope kwenye kisu kwa kidole gumba, taratibu, kama mtu anayefikiri anapopangusa. "Winfrida alisema urithi ni wako. Sio wangu, sio wake. Wewe ukikaa, una mahali. Unakua, unafikisha umri, unasimama mwenyewe mbele ya watu."

"Na wewe?"

"Si umesikia? Mimi wa Kyela."

Tulia alitupa matawi chini. Alisema hataki, alisema baba mdogo ni shetani, alisema yote ambayo binti wa kidato cha pili anaweza kuyasema kwa sauti iliyokauka. Mama yake alimwacha amalize. Kisha akamshika bega, akamgeuza uso kuelekea nyumbani.

"Chukua godoro dogo. Na sare zako za shule. Ukifika umwamkie vizuri."

"Siwezi kumwamkia."

"Utamwamkia. Na tukikutana barabarani, mbele yake, usiniite."

"Nisikuite nani?"

Atupakisye alimsukuma kidogo, na msichana akaenda, mwanzoni akitembea, halafu akikimbia kati ya vigongo. Baada ya muda godoro lilionekana likipanda njia ya kwa Asajile juu ya kichwa kisichoonekana, likipinda huku na huku kwa upepo. Mlango wa huko ulifunguliwa. Mtu alicheka, sauti ya mwanamke, na mlango ukafungwa.

Ukungu ulianza kushuka kutoka upande wa mlima. Atupakisye alikata mche mmoja, akakata mwingine. Ilimbidi sasa aokote matawi mwenyewe na kuyalaza mwenyewe, na kazi ikawa inakwenda nusu ya mwendo wake. Alipofika mahali ambapo hakuweza tena kutofautisha tawi bichi na lililokauka, aliacha. Mistari minne ilikuwa bado mizima hadi kwenye migomba. Alifunga kisu kwa kitambaa, akakiingiza chini ya kanga. Kesho angeanzia kwenye mche ulioinama kando ya mtaro, mapema, kabla umande haujakauka.