Maua Yaliyobaki Mezani

Jumapili ya Maua, Orrin Thayer alikwenda kanisani na vitu viwili: waridi alilokata kwenye mti wa marehemu mkewe, na ufunguo wa chumba cha boila. Waridi lilikuwa mkononi. Ufunguo ulikuwa mfukoni, na ndio uliomlemea, kwa kuwa alikusudia kumrudishia mchungaji siku hiyo hiyo. Akishaurudisha, basi, hakanyagi tena pale.

Miaka thelathini na miwili alikuwa amekaa benchi la nyuma katika kanisa lile dogo la Waunitaria, wasiomlazimisha mtu imani, kijijini kwao Vermont, Marekani, kwa sababu mkewe Adele alikaa hapo. Yeye hakuamini kwamba kuna Mungu, wala hakuficha. Alikuwa fundi bomba. Akija anakunywa kahawa, anatengeneza boila la kupashia kanisa joto, anabishana na Bernice Cobb, anakwenda zake. Aliyetia sahihi kitabu cha wanachama ni Adele. Orrin alijiona kama mtu aliyefuatana na mkewe kwenye karamu, na sasa mkewe alikuwa amefariki tangu Februari. Angeendelea kukaa mezani kwa mwaliko wa nani?

Mlangoni alikutana na Bernice, mwalimu mstaafu, mdogo wa umbo na mkubwa wa maneno.

"Umekuja, mbishi wee?"

"Nimekuja. Mungu wako hajambo?"

"Hajambo, anakusalimia, ingawa humtaki."

Orrin alitaka kucheka, akaukumbuka ufunguo. Kisha akaona Bernice ameshika maua mawili.

"Mbona mawili? Utaratibu ni ua moja kwa mtu."

"Wewe shughulika na mabomba yako," alisema Bernice, akaingia ndani harakaharaka.

Tena watu wa kanisa lile, kwa kubishana, Mungu awasamehe, yule wanayemwamini na yule wasiyemwamini. Rangi ya vikombe vya kahawa tu waliipigia kura mara tatu. Lakini Jumapili ya Maua haikuwa na ubishi: kila mtu analeta ua moja, analitia kwenye vyombo vya maji mezani, na mwisho wa ibada anachukua moja ambalo hakulileta yeye.

Orrin alipofika mezani, vidole vilikataa kuliachia lile waridi. Lilikuwa la kwanza kuchanua mwaka huo, na la kwanza siku zote alilileta Adele. Akalitia majini, akarudi benchi la nyuma, na wakati wa kuimba akajikuta anaisikiliza sauti ambayo haikuwepo.

Ibada ilipokwisha watu walipita mbele mmoja mmoja. Dada mmoja, mgeni aliyekuja mara ya pili tu, alichukua waridi la Adele akalinusa akiwa amefumba macho. Orrin aliumia, lakini hakuona vibaya. Alingoja wote wapite ili apate faragha na Mchungaji Maeve, kisha akainuka, mkono mfukoni.

Alitarajia kukuta ua moja limebaki, la kuchukua yeye. Alikuta vyombo vimejaa. Kulikuwa na maua ya daisi, ya kitunguu, ya njegere, na mengine ya porini yaliyong'olewa pamoja na mizizi yake.

"Haya yametoka wapi?" Mchungaji Maeve alishangaa. "Si kila mtu amechukua?"

Watu wakaanza kuangalia viatu vyao.

"Haya, nasema," Bernice alijitokeza. "Nilileta la pili. Ua la Orrin siku zote alilileta Adele. Nikaona leo atakuja mikono mitupu, nikaogopa aibu itamrudisha nyumbani."

"Mimi pia," alisema Dwight mfuga nyuki.

"Na mimi."

"Hata sisi."

Mchungaji alishika kichwa. "Kanisa linalopigia kura vikombe! Hili hakuna hata mmoja aliyelileta kwenye kamati?"

Kicheko kililipuka. Orrin alicheka nao, halafu akalia, na hakujua kicheko kiliishia wapi na kilio kilianzia wapi.

"Mimi si mwanachama," alisema alipoweza. "Siamini chochote, mnajua."

"Nani kakuuliza?" Bernice alimshika mkono. "Ukiondoka nitabishana na nani? Na Dwight? Dwight anakubali kila kitu."

"Kweli kabisa," alisema Dwight.

Orrin alijipangusa uso kwa mkono wa shati. Alikuwa anawapenda watu hawa, wote, na kwa miezi minne alikuwa amejinyima kulijua hilo.

"Nitayabebaje yote haya?" aliuliza. "Nipeni ndoo."

"Ndoo ziko chumba cha boila," alisema Mchungaji Maeve, "na kimefungwa."

Orrin alitoa ufunguo mfukoni, akaenda kufungua.