Upande wa Chini

Pipa la taka la mitaa ya Isevya, hasa baada ya mvua, lina uzito wa mtu mzima aliyegoma kuondoka. Tunalinyanyua wawili mpaka juu ya bodi ya lori. Mmoja anashika mdomo wa pipa, kazi yake kuelekeza tu. Mwingine anashika kitako, na huyo ndiye anayebeba; maji machafu nayo humshukia yeye. Afisa afya alitufundisha kukunja magoti, kuubana mzigo karibu na tumbo, na zaidi ya yote kubadilishana pande kila mtaa, ili mgongo mmoja usiumie kwa ajili ya wawili.

Mimi na Majidi tulibadilishana mwezi mmoja tu. Kisha akaniambia bega lake la kulia limeachia, hata kanzu anavalishwa na mkewe.

"Dada Mwanne, msimamizi akijua nimekwisha. Nisitiri."

Nikamsitiri. Miaka miwili nilishika kitako, mtaa kwa mtaa, na msimamizi akiuliza mbona hatubadilishani, namwambia napenda mwenyewe. Mjinga mimi.

Mwaka huu mguu wa kushoto ukaanza kufa ganzi. Nikawa naswali nimekaa kwenye kiti. Daktari alitazama picha ya kiuno, akasema pingili mbili zimesagika na nikiendelea kunyanyua nitakuja kutambaa. Nilipomweleza Majidi, machozi yalimlengalenga.

"Pole dada yangu. Laiti ningekuwa na bega."

Tena mimi ndiye niliyembembeleza.

Jumapili nilikwenda Goweko kumzika shangazi. Njiani tulisimama penye ghala la tumbaku, watu wanapakia lori. Mmoja wao alijitwika robota bega la kulia, akapanda ubao mbiombio huku anaimba, akashuka, akachukua jingine. Alipogeuka nikamwona uso. Alikuwa Majidi. Yeye hakuniona.

"Yule kijana ana nguvu," nilimwambia mzee Sayi, mlinzi wa ghala, baada ya kumwamkia.

"Yule? Huu msimu wake wa tatu hapa, kila Jumapili. Hajawahi kusema amechoka."

Mazishini nililia kupita kiasi. Ndugu walidhani ni kwa ajili ya shangazi, nami nikawaacha wadhani hivyo. Kiuno changu Majidi alikuwa amekila akijua, halafu akanipa pole.

Jumatatu, kwenye pipa la kwanza, mbele ya duka la Arif, nilimtangulia nikashika mdomo.

"Dada, bega..."

"Shika kitako, Majidi."

Dereva alikuwa anapiga honi, msimamizi kasimama pale pale. Majidi akainama. Kuhesabu ni kazi yangu siku zote. Nikahesabu moja, mbili, na kwenye tatu nikaachia mikono, nikarudi nyuma.

Pipa likapanda. Alilisukuma kwa bega la kulia hadi juu ya bodi, peke yake, bila hata kuguna. Alipolimwaga ndipo akaona mimi sipo upande wa pili. Msimamizi alimtazama, kisha akanitazama mimi.

"Naona limepona," nikamwambia Majidi.

Nikageuka niende kukaa barazani kwa Arif. Mguu wa kushoto ukakataa. Nilianza kwenda chini, na aliyewahi kunidaka alikuwa yeye. Sikutaka kumgusa, lakini ningeanguka, basi nikalishika lile bega. Lilikuwa zima kabisa.