Mabega ya Mama Dabaso

Mama Dabaso aliweka mikono yake juu ya meza yangu, viganja vikitazama juu, kama mtu anayerudisha vyombo alivyoazima.

"Vidole hivi viwili havisikii," akasema, akinionyesha cha pete na cha mwisho, kulia na kushoto. "Dunga na kalamu ukitaka. Jumatatu nakurudishia baiskeli yako, Mutwiri. Mpe mtu mwingine."

Sikumdunga. Nilitazama nje, mahali baiskeli ilipoegemea ukuta wa ofisi. Ilikuwa ya bluu, na miezi minne baada ya kuipokea alikuwa bado hajaondoa plastiki iliyozungushiwa paipu zake. Hakutaka ichubuke.

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na minne, digrii yangu ya afya ya jamii ikiwa bado kwenye bahasha. Serikali ya kaunti ilikuwa imeingia muhula wake wa pili, na mimi niliamini kwamba Isiolo yote ingerekebishwa kwa bidii na fomu zilizojazwa vizuri. Shirika dogo liliniajiri kusimamia wahudumu kumi na wawili wa kujitolea, wanawake tisa na wanaume watatu, waliozunguka nyumba kwa nyumba kuangalia watoto na wajawazito. Ombi la baiskeli niliandika mimi. Siku lori lilipozishusha, nilisimama getini kama bwana harusi.

Kazi yenyewe alinifunza Mama Dabaso. Chuo kilikuwa kimenipa takwimu za homa. Yeye alinifunza kuketi mlangoni kwanza, kuulizia mbuzi, kuulizia mvua, ndipo uulizie mtoto. Kipimajoto chake kilikuwa kimeisha betri zamani, kwa hivyo aliweka kiganja kwenye paji la uso wa mtoto, akafumba macho, akasema "huyu apelekwe" au "huyu alale". Sikuwahi kumwona akikosea.

"Juzi Kambi Garba nimeshuka tu kwa baiskeli, nikagusa mtoto, nikasema yuko sawa," akaendelea, sauti yake ikishuka. "Mama yake akaniambia, 'Mama Dabaso, si huyu anaungua?' Nikagusa tena. Mkono wote ulikuwa kama wa mtu mwingine."

"Na mtoto?"

"Alipelekwa, yuko mzima. Lakini ni mama yake alimwona, si mimi." Alikunja vidole, akavikunjua. "Nikitembea kwa miguu, Kambi Garba nitafika mara moja kwa mwezi. Sawa. Afadhali mara moja na mikono yangu."

Alipoondoka, nilimwomba aniachie baiskeli tangu siku hiyo. Niliisukuma hadi kwa Gikunda, fundi mwenye banda la mabati karibu na soko la mifugo. Gikunda alikuwa mtu wa Meru kama mimi, na hilo lilimpa ruhusa ya kunicheka.

"Panda," akaniambia.

Nikapanda. Akaizunguka, kijiti cha miraa kikining'inia mdomoni.

"Unajisikia aje?"

"Vizuri kabisa."

"Lazima. Hii ni baiskeli yako, mheshimiwa wa digrii. Umemwazima mama ya watu." Akagonga usukani kwa spana. "Nani alikata hii?"

Ilinibidi nimweleze. Usukani ulikuja mrefu, ukatwe kulingana na mwendeshaji. Kijitabu kilisema ulingane na upana wa mabega. Siku hiyo nilikuwa na tepu mkononi, na mbele yangu wanawake tisa waliojifunika vizuri, wengi wao rika la mama yangu. Ningeanzaje kumwekea mmoja tepu mabegani, mbele ya wenzake? Basi nikajipima mimi. Nikakata zote kumi na mbili kwa kipimo hicho, na nikazishusha chini, kwa sababu kijana kwenye picha ya kijitabu alikuwa ameinama mbele kama anayeshindana. Moyoni nikaiita heshima.

Gikunda alitema kile kijiti. "Kwa hivyo mama anashika huku mbali, ameinama, uzito wote wa mwili uko kwa mikono. Na barabara zetu ni mawe. Mikono itakosa kufa ganzi kwa nini?" Kisha akakuna shingo. "Nitairekebisha. Lakini nipe mabega yake. Na mimi pia simpimi. Bwana yake ananijua."

Usiku ule sikulala vizuri. Asubuhi nikakumbuka Deqa, fundi wa nguo sokoni, aliyewashonea nusu ya wanawake wa mji. Nikamkuta kwenye cherehani, wasichana wawili wakimtilia nyuzi.

"Salaam aleikum, dada Deqa."

"Wa aleikum salaam. Umekuja kushonewa dera?"

Wasichana wakacheka. Nikaona haya, na maneno yakanitoka vibaya. "Nataka mabega ya Mama Dabaso."

Cherehani ikasimama. "Yake yamekukosea nini? Wewe huna yako?"

Nikaeleza yote, vidole, mtoto wa Kambi Garba, Jumatatu. Deqa alisikiliza akiwa amekunja mikono juu ya daftari nene lenye jalada la kitambaa. Nilipomaliza hakulifungua.

"Kijana, vipimo vya mwanamke sipei mwanamume. Hata bwana yake sijawahi kumpa." Akaniangalia kidogo, nadhani aliona nilivyojaa aibu. "Mwambie mwenyewe aje."

Mama Dabaso alienda. Alitoka huko na kipande cha karatasi kilichokunjwa mara nne, akampa Gikunda bila kunitazama, lakini mdomo wake ulikuwa unazuia kicheko. Ndani kulikuwa na namba moja tu: thelathini na nane. Mabega yangu ni sentimita arobaini na sita.

Gikunda alilegeza shingo ya usukani, akaigonga kwa nyundo juu ya kipande cha mbao hadi ikaachia, akaivuta juu, akiangalia asipite mstari uliochorwa chumani kuonyesha mwisho wa kuivuta. Waya wa breki ukawa mfupi, akaweka mwingine. Akavua mipira ya kushikia, akakata chuma kipande kidogo kila upande, akalainisha kwa tupa, akairudisha mipira kwa maji ya sabuni. Kisha akamshikilia Mama Dabaso baiskeli.

"Kaa, mama. Funga macho. Nyoosha mikono tu, usitafute."

Mikono yake ilishuka hewani na kukuta usukani. Viwiko vilibaki vimelegea kidogo. Alikaa hivyo kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Kumbe," akasema.

Alienda Kambi Garba na kurudi, jua likiwa limesimama kichwani. Nilimngoja bandani, nikijifanya nasaidia kupanga nati. Aliporudi aliegemeza baiskeli. Alienda moja kwa moja kwenye karai ambalo Gikunda hutafutia panchari, akatumbukiza mikono hadi kwenye vifundo, akaiacha humo.

"Maji yako ni baridi, fundi," akasema. "Baridi kweli."

Niligeuka upande wa ukuta, nikapanga nati upya.

Nilifikiri mambo yameishia hapo. Jumatatu, nilipofika kazini, ofisi ilikuwa tupu. Niliwakuta wote bandani kwa Gikunda: wanawake wanane wengine, kila mmoja na baiskeli yake ya bluu, kila mmoja na karatasi iliyokunjwa. Mama Dabaso alikuwa ameketi kwenye mkebe wa rangi, akiwapanga foleni. Miezi minne walikuwa wameripoti kwangu kila wiki, na kwenye fomu zangu hakukuwa na mahali pa kuandika kwamba mikono inakufa ganzi.

Wa kwanza alikuwa Kiende, mdogo kuliko wote, mwenye miaka ishirini na sita. Alinipa karatasi yake kwa mkono wa kushoto, wa kulia akiukandakanda kwenye paja.

"Pole, Mutwiri," akaniambia. "Mimi nilifikiri ni mwili wangu tu ndio mbaya."

Gikunda alikuwa tayari na msumeno. Nikaushika usukani kwa mikono miwili, usitikisike, akaanza kukata.