Orodha ya Januari Mosi

Mimi ni mke wa balozi ambaye hakupata kuwa balozi, na sababu ni mimi mwenyewe. Hapa Islamabad watu wanasema mengine. Wanasema Sibtain alikuwa mkaidi, msomi kupita kiasi, hakujua kujipendekeza kwa wakubwa. Waacheni waseme. Simu ile niliipokea mimi, nikiwa na gauni la kulalia na soksi za sufu, na najua kilichotokea.

Mume wangu aliingia wizarani akiwa na miaka ishirini na saba na suti moja. Wenzake walipigania vituo vya London na Washington. Yeye akajitosa kwenye mambo ya nyuklia, kazi ambayo miaka ile haikuwa na karamu wala zawadi. Tukaenda Geneva, tukaenda New York, tukakaa Vienna miaka mitatu, tukamalizia Tokyo. Kumi na mbili ni nyumba nilizofunga na kufungua mizigo. Na huyo bwana anayefikiria mabomu asubuhi mpaka jioni, hita ya maji ya bafuni anaogopa kuiwasha! Kila majira ya baridi ni mimi ninayeinama na kiberiti, yeye amesimama mlangoni ananiambia niangalie nywele.

Alikuwa na wazo moja, akaliandika kwa namna mia. Alisema maadui wawili wenye mabomu hawalazimiki kupendana, ila lazima wawe na mazoea. Mambo madogo, ya kuchosha, yanayofanyika kila mwaka bila kukosa, hata siku ambayo hakuna anayetaka kuyafanya. Wizarani walimwita Profesa, na hawakumaanisha sifa.

Zoea alilolipenda kuliko yote lilikuwa orodha. Kila Januari Mosi sisi na jirani zetu wa India tunapeana orodha ya majengo yetu yote ya nyuklia, kila moja na mahali lilipo, ili vita ikizuka majengo hayo yasipigwe. Wao wanapokea yetu hapa, sisi tunapokea yao Delhi, siku hiyohiyo. Bahasha moja, saini mbili, basi. Mwaka wa kwanza wa orodha hiyo Sibtain alikuwa afisa mdogo, akapewa kazi ya kuibeba bahasha. Mimi siku hiyo nilikuwa hospitali Rawalpindi, uchungu umenishika tangu alfajiri. Nilimwambia asiende. Akaenda. Zarmina, mtoto wetu wa pekee, alizaliwa saa saba mchana, na baba yake akaingia wodini jioni na viatu vyake vinang'aa. Niligeukia ukutani. Nilikaa karibu mwaka mzima sijamsemesha vizuri, na mama mkwe ni shahidi.

Miaka ishirini na minane ikapita hivyo. Keki ya Zarmina ilikatwa jioni kila mwaka, kwa sababu mchana baba ana orodha, na tukiwa ng'ambo anangoja simu kwamba imetoka. Mtoto akakua, akarudi Vienna kusoma, akaolewa hukohuko. Mimba yake ya kwanza iliharibika, na nililia naye kwa simu, kwani sikuweza kufika. Ya pili ikashika. Daktari akamwambia alale, asiinue hata ndoo. Mtoto alitarajiwa mwisho wa Februari.

Na hapo ndipo Sibtain, sasa mkuu wa kitengo kinachotoa orodha, akiwa amebakiza miaka miwili astaafu, alipoambiwa atapewa ubalozi. Wapi? Vienna! Nilipiga kelele mpaka mpishi akatoka jikoni na upawa. Tungeripoti wiki ya kwanza ya Februari. Viza ya kawaida nilikuwa nimeomba tangu Septemba na jibu halikuwa limekuja, na kwa hali ya mwaka ule hata sikulitarajia. Ubalozi ulikuwa ndio njia. Nilimwambia Zarmina, "Nakuja, mwanangu. Safari hii nakuja." Nikaanza kufuma fulana za mtoto, za manjano, kwani hatukujua ni wa kike au wa kiume.

Majira hayo ya baridi mambo mpakani yaliharibika. Risasi kila siku, ndege zikakatazwa kuvuka, kwenye televisheni watu wazima wanapigiana kelele kama wauza samaki. Nusu ya wafanyakazi wa ubalozi wa jirani walirudishwa kwao. Sibtain alikuwa akirudi nyumbani, anakula mkate wa mahindi na mboga za majani bila kuuliza kama kuna nyama, analala.

Asubuhi ya Januari Mosi, saa moja na robo, simu ya mezani ikalia. Sibtain alikuwa bafuni ananyoa ndevu. Aliyepiga alikuwa Bwana Tiwana, mtu wa siasa aliyeletwa kuwa mshauri wa wakubwa. Ofisi yake siitaji.

"Shemeji! Heri ya mwaka mpya! Halua yako ya karoti tutaila lini?"

"Wakati wowote, karibu sana. Nimwite?"

"Hapana, hapana, mwache. Nina ujumbe mdogo tu. Mwambie Profesa leo ana mafua."

"Hana mafua."

"Atayapata." Akacheka. "Siku tatu nne tu, shemeji. Apumzike kitandani. Ile bahasha haitoki bila saini yake, si ndiyo? Basi ikae. Jirani zetu wapigwe na baridi kidogo pale getini, wajifunze adabu."

"Na Vienna?"

"Barua ya Vienna ipo mezani kwangu, inangoja tu. Nasikia mtakuwa babu na bibi. Hongereni sana!"

Lo! Mtu huyo alijua mpaka tumbo la mwanangu. Nikamuuliza, "Bwana Tiwana, kwa nini usimwandikie? Wizarani kila kitu si kinaingia kwenye faili?"

"Shemeji, mambo mengine hayaandikwi. Huambiwa mke."

Sibtain akatoka na taulo shingoni. Nikamweleza neno kwa neno. Akakaa ukingoni mwa kitanda, soksi moja mguuni, nyingine mkononi. Nilingoja awake. Mtu huyu aliwahi kubishana na Wajapani saa sita mfululizo kuhusu aya moja.

Hakuwaka. Akajishika koo.

"Kwa kweli linaniwasha tangu jana," akasema.

"Linakuwasha?"

"Kidogo. Na siku tatu si karne, Mama Zarmina. Wataipata tarehe nne. Orodha ni ileile."

Sitaficha, moyo wangu uliruka kwa furaha. Mafua ni kitu gani? Hata mimi ningempigia chafya! Nikaenda jikoni kubandika chai. Gesi ya asubuhi ni hafifu, maji yanachukua muda wake, nikasimama pale napanga kichwani: koti la kijivu, zile fulana, unga wa dengu wa kumtengenezea Zarmina vitu vya mzazi. Nilikuwa nimeshafika Vienna. Nilikuwa nimeshamshika mtoto.

Halafu hasira zikanipanda. Hazikuja kwa Tiwana. Huyo ni Tiwana tu, utamtarajia nini? Zilikuja kwa mume wangu. Siku tatu si karne! Siku ile ya Rawalpindi nilimwomba anipe muda wa saa tatu tu, saa tatu, akaniambia haiwezekani, akaniambia kitu hiki kikikosa mara moja hakina tena maana. Nikazima jiko.

"Baba Zarmina, vaa soksi ya pili."

Akaniangalia. "Umesikia alichosema Tiwana?"

"Nimekisikia mimi kabla yako. Vaa."

"Durdana, Vienna itakwenda."

"Najua."

"Sina nyingine baada ya hiyo. Miaka miwili imebaki."

"Najua kuhesabu."

"Na Zarmina je? Nafanya hivi kwa ajili yako na Zarmina!"

"Thubutu! Usinitwishe mimi hilo!" Sauti yangu ilifika mpaka kwa mpishi, na sikujali. "Miaka ishirini na minane unanihubiria ndani ya nyumba hii. Kila mgeni anayekuja kula pilau anapewa na somo la mazoea. Nimekata keki jioni mpaka mtoto akaolewa. Ng'ombe mzima umemla, leo mkia unakushinda? Kama bahasha hii inaweza kukaa siku tatu kwa sababu ya baridi na chuki za Tiwana, basi na siku ile ingeweza kukaa. Nijibu. Ingeweza kukaa?"

Aliitazama soksi mkononi, mtu wa miaka hamsini na minane na mguu mmoja mtupu. Kisha akavaa soksi.

Mlangoni akaniuliza, "Mtoto utamwambia nini?"

"Hilo langu. Nenda."

Gari lilipotoka tu, nikampigia Tiwana. Nilijua akisikia Sibtain yupo ofisini atatafuta njia nyingine ya kumzuia, kwa mdomo vilevile, bila alama. Nikamwambia, "Ujumbe wako nimeufikisha. Mume wangu hana mafua, ameshatoka. Lakini mimi ni mke wa mtu wa mafaili, na nimeandika hapa kwenye daftari: Januari Mosi, saa moja na robo asubuhi, Bwana Tiwana amepiga simu nyumbani na kusema bahasha isitolewe. Nimekunukuu sawasawa, au kuna neno nimeruka?"

Nikasikia anafunga mlango upande wake.

"Shemeji," akasema, "umefanya kosa kubwa sana."

"Hilo nalo niliandike?"

Akakata simu. Nikakaa chini sakafuni kando ya meza ya simu. Mpishi akaja na chai, akaniona, akairudisha.

Yaliyotokea ofisini Sibtain alinisimulia jioni. Saa sita mchana afisa mmoja kijana wa ubalozi wa jirani alifika, skafu mpaka puani. Huyo ndiye aliyekuwa na mafua ya kweli. Akasaini, akapokea bahasha, akaipima mkononi. Akamwambia Sibtain, "Bwana, nilikuwa nimeshaandika taarifa kwamba hamkutoa. Niliiandika jana. Sasa itabidi niichane." Sibtain akaagiza chai, wakanywa wamesimama, hawakuzungumza zaidi. Delhi mtu wetu alipokea ya kwao. Kwa jumla ilichukua dakika tisa.

"Ingekuwaje huko Delhi kama ungekosa?" nikamuuliza.

"Sijui," akasema. "Na ndiyo maana ya kutokukosa. Hujui." Akala halua yake, akaenda kulala bado kuna mwanga.

Siku ya kumi na mbili orodha ya mabalozi wapya ilitoka. Vienna alipewa mwingine, mtu mzuri tu, mkewe aliwahi kuniomba mapishi. Hakuna aliyemwita Sibtain kumweleza. Akufukuzaye hakwambii toka. Walimpeleka chuo cha kufundishia maafisa wapya, chumba cha ghorofa ya tatu kisicho na hita, na huko akamalizia miaka yake miwili akifundisha vijana thelathini ambao nusu yao walikuwa wanataka London. Viza yangu nayo ilijibiwa: hapana.

Zarmina alijifungua tarehe ishirini na sita Februari. Mumewe alikuwa amekwama njiani kwenye theluji, akafika mambo yamekwisha. Mtoto wa kike, kilo mbili na nusu. Alinipigia siku ya pili, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mama, ulisema utakuja. Ahadi ni deni."

"Najua, mwanangu."

"Nilikuita kwa sauti. Wauguzi hawajui lugha yetu, wakadhani namwita mmoja wao."

Akavuta pumzi, akaendelea, "Lakini Baba ameniambia. Anasema wakubwa walibadili mawazo dakika ya mwisho, kwamba ninyi hamkuwa na la kufanya. Basi, si kosa lenu."

Sibtain alikuwa amekaa mbele yangu na gazeti. Alisikia. Akanitikisia kichwa taratibu, akiniomba niache iwe hivyo. Na ingekuwa rahisi, wallahi. Mlango ulikuwa wazi, ningepita tu.

"Baba yako amekuficha," nikamwambia. "Yeye alikuwa tayari kubaki nyumbani siku ile, na tungekuja. Mimi ndiye niliyemtoa. Kisha nikapiga simu moja kuhakikisha."

Nikasikia mtoto analia kule, kilio chembamba. Zarmina akambembeleza kwanza.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu siku uliyozaliwa aliniacha peke yangu kwa ajili ya hiyo orodha. Nilimchukia, Zarmina. Ilinichukua muda mrefu kumsamehe, na nilimsamehe kwa sababu niliamini hakuwa na njia. Angeiacha mwaka huu kwa ajili ya cheo, ningejua njia ilikuwepo siku zote. Ningelazimika kuanza upya kumchukia, na sasa nimezeeka."

Gazeti la Sibtain lilikuwa limeshuka mapajani. Hilo hakuwa amelisikia kutoka kwangu, si siku ile ya soksi wala kabla yake.

"Basi sasa mimi nitakuchukia wewe," Zarmina akasema, analia.

"Una haki. Lakini kula kwanza. Una maziwa?"

Akakata simu. Nilimwandikia, hakujibu. Sibtain alimpigia, akazungumza naye habari za hali ya hewa. Siku kumi na tisa zilipita, nazihesabu. Ya ishirini simu ikalia alfajiri, hakusalimu wala hakuuliza habari zangu. Alisema mtoto anajinyonganyonga na tumbo tangu usiku, hanyamazi, afanye nini. Nikamwambia amlaze kifudifudi kwenye mkono wake na ampapase mgongo, na asikate simu.