Pwani ya Kwapa

Jumapili baada ya misa, Awor alivaa gomesi lake la sikukuu, akaficha chupa ya pombe ya ulezi na mrija chini ya taulo mkobani, akaenda Kwapa kutembelea ufuo.

Bahari ilifika Kwapa miaka mitatu iliyopita. Ililetwa na malori ya tangi kupitia Malaba, ikakaguliwa na forodha kama mzigo mwingine wowote, ikamwagwa palipokuwa na mashamba ya mihogo. Mawimbi yalizoea upesi. Wenye hoteli wakapanda minazi na kujenga ukuta. Wenyeji walihamishiwa Mella, pamoja na wafu wao, kila mfu na jeneza jipya.

Jeneza la Kevina, mama mkwe wake, ndilo lililomtia Awor shaka. Wabebaji walipoliinamisha, kitu ndani kilimwagika upande mmoja kama ulezi guniani. Alinyamaza, maana padre alishaanza kuomba. Lakini kule Kwapa, chungu cha pombe kilichoachwa kaburini jioni asubuhi kilikutwa kimebaki nusu, kama kwa mfu yeyote aliyelala kwao. Mella kilikutwa kimejaa. Mumewe, Olweny, alisema labda marehemu ameokoka. Awor hakumwamini hata chembe. Kevina hakuwa mtu wa kuacha pombe.

Getini mlinzi alimgonga muhuri mkononi: MGENI. Ndani, watu wenye nafasi zao walilala kwenye vitanda vya ufuoni bila kusemezana. Mchanga ulifagiwa mno. Wahudumu walitabasamu kabla hata ya kuitwa, na hilo nalo Awor hakulipenda. Alitembea akikisia: hapa zizi, hapa ghala, hapa jiko langu.

Penye jiko lake alimkuta Kevina ameketi chini ya mwavuli, miguu imefukiwa mchangani.

"Umekawia," Kevina alisema.

"Mama, sisi tulikupeleka Mella."

"Mimi sijatoka hapa. Ile sanduku walijaza udongo tu. Leta mrija, hii maji yao ni chumvi."

Kevina alikuwa amefika nusu ya chupa alipotokea meneja, Ronald, kijana wa Busia ya Kenya, shati limenyooka.

"Mathe, vinywaji vya nje haviruhusiwi."

"Huyu ni mama ya bwana yangu. Nataka kupeleka yeye nyumbani."

Ronald alimtazama Kevina kama anavyotazamwa mgeni wa muda mrefu. "Huyo alishahamishwa, mathe. Mlizika, mkala, mkaenda. Sasa nikikuruhusu umtoe, nitasema nimemtoa nani?"

"Na huyu anakaa hapa?"

"Huyu tulimpa mwavuli."

Awor alikasirika. Alimshika Kevina mkono akamvuta kwa nguvu zake zote. Mkono ulikuwa na joto, ila miguu haikutoka. Wateja wa karibu waligeuza vitanda vyao.

"Acha, utaniumiza," Kevina alisema. "Jumapili lete iliyoiva. Hii ni changa."

Kengele ya kuwatoa wageni wa siku ikalia.

Awor alimweleza Olweny yote. Olweny alisema ataendelea kupalilia kaburi la Mella, la sivyo majirani watasema nini. Kwa hiyo kila Jumapili Awor hupanga foleni getini, hunyoosha mkono, kisha huenda kuketi penye jiko lake mpaka kengele ilie. Wino wa muhuri ni mkaidi kwa sabuni. Jumatatu, akisonga ugali Mella, bado unasomeka.